Je, Wajua? Kompyuta Ukutani, Kompyuta Ndani ya Pipa

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, serikali, wafadhili na makampuni walishikwa na homa moja: kupeleka kompyuta kijijini. Si kompyuta kwa kila nyumba, la. Moja tu, kwenye kibanda, ya bei nafuu, wote waitumie. India ndiko zilikopelekwa nyingi zaidi, lakini Laos, Kambodia, Uganda, Tanzania na Kenya nazo zilipata mgawo wao. Vibanda vingi vimekwisha kufungwa. Visa vyake ndivyo vilivyobaki, na baadhi ni vigumu kuvisadiki mpaka usimuliwe vilivyokuwa.

*

Je, wajua kuwa kibanda cha kompyuta kilichovuma kuliko vyote kilianza kwa kutoboa ukuta? Ofisi za NIIT, kampuni ya mafunzo ya kompyuta, zilikuwa mtaa wa Kalkaji jijini New Delhi, zikipakana na makazi ya mabanda. Kilichotenganisha pande hizo mbili ni ukuta. Tarehe 26 Januari 1999, Sugata Mitra, mwanafizikia aliyekuwa akifanya utafiti hapo, aliutoboa ukuta ule akapachika kompyuta, skrini ikitazama upande wa mabanda. Hakuweka mwalimu wala karatasi ya maelekezo. Watoto wakaja, wakagusa, wakagundua kuwa kitu fulani kinasogea. Kiingereza cha kwenye skrini hawakukijua, kwa hiyo kishale wakakiita sindano, na ile saa ya mchanga ya kukwambia usubiri wakaiita ngoma ya Shiva, maana ngoma hiyo nayo ni nyembamba katikati na pana juu na chini. Haikuchukua muda wakawa wanachora na kufundishana.

Majaribio yakahamishiwa miji midogo na vijiji. Huko likazuka swali ambalo halimo katika vitabu vya kompyuta: utawazuiaje watu wazima wasiwanyang'anye watoto mashine? Jibu likawa la fundi seremala. Juu ya kibodi kikawekwa kifuniko chenye nafasi ya kupitisha mikono midogo tu, na bomba la kukalia likajengwa karibu mno na ukuta, hata mtu mzima akijaribu kuketi magoti yanakosa pa kwenda.

Mwanadiplomasia wa India, Vikas Swarup, alivutiwa na habari hiyo alipokuwa akibuni riwaya yake ya Q & A, iliyotoka mwaka 2005. Riwaya hiyo ndiyo iliyozaa filamu ya Slumdog Millionaire, ambayo ilikusanya Oscar 8. Mitra mwenyewe alipewa tuzo ya TED ya dola milioni 1 mwaka 2013.

Upande wa pili wa habari hiyo hausimuliwi sana. Mtafiti Mark Warschauer alipofika kwenye kibanda cha Delhi alikuta intaneti haipatikani kwa uhakika na hakuna cha maana kilichoandikwa kwa Kihindi, hivyo watoto walikuwa wakichora na kucheza michezo basi. Mwaka 2010, Payal Arora alichapisha utafiti kuhusu vibanda viwili vya aina hiyo katika jimbo la Uttarakhand. Alivikuta vimetelekezwa. Mimi naona pande zote mbili zinasema kweli: mtoto hujifundisha mengi akiachwa na mashine, ila mashine iliyoachwa bila mtu wa kuitunza haichelewi kufa.

*

Wazo lenyewe la kituo cha kompyuta cha kijiji halikuzaliwa katika nchi maskini. Kinachotajwa kuwa cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1985 huko Vemdalen, kijiji cha milimani nchini Sweden. Huko tatizo lilikuwa vijana kukimbilia mijini kwa kukosa kazi.

*

Je, wajua kuwa Uganda iliwahi kuingia katika orodha ya uvumbuzi bora wa dunia kwa sababu ya mapipa ya mafuta? UNICEF ilichukua mapipa ya chuma, yale yale unayoyaona yamejaa maji nyuma ya nyumba, ikayafanya vibanda. Skrini ilifungwa ndani ya pipa, kibodi ngumu isiyoogopa vumbi wala vidole vichafu ikawekwa mbele, na umeme ukatoka kwenye sola. Mapipa hayo, yaliyoitwa Digital Drum, yaliwekwa katika vituo vya vijana, na mwaka 2011 jarida la TIME likayataja miongoni mwa uvumbuzi 50 bora wa mwaka huo. Uzuri wa pipa si bei tu. Pipa halibebeki kirahisi usiku, na likibonyea, mchomeleaji yeyote wa mtaani analinyoosha.

Uganda ilikuwa na uzoefu wa mambo hayo. Mwaka 1999 kituo kilifunguliwa Nakaseke, sehemu za Luweero zilizoumizwa vibaya na vita vya 1981 hadi 1986. Kilikuwa na maktaba, simu na kompyuta chini ya paa moja. Wateja waliotarajiwa ni wanafunzi na walimu. Kumbe waliokuja kuvuma ni wanawake wakulima. Kwa ajili yao ilitengenezwa CD ya mawazo ya kujipatia kipato, kwa Kiganda na Kiingereza, iliyojaa picha na sauti, hata asiyejua kusoma akawa anabofya picha na kusikiliza. Intaneti haikuhitajika. Kwa fedha zilizotumika duniani kutafuta mawimbi, inashangaza kwamba moja ya huduma zilizopendwa zaidi ilikuwa ndani ya kisahani cha plastiki.

Tanzania nayo ilipata kituo cha aina hiyo Sengerema, mkoani Mwanza, mwaka 2001.

*

Mkulima wa soya wa Madhya Pradesh, katikati ya India, alikuwa akiishi hivi. Anavuna, anapakia mkokoteni, ng'ombe wanaukokota kilomita nyingi hadi soko la mnada. Bei ya siku hiyo haijui mpaka afike. Akifika anapanga foleni, pengine analala hapo. Dalali anatazama soya, anachota kwa kiganja, anataja bei. Mkulima haridhiki, lakini kurudi na mzigo nyumbani ni gharama nyingine, kwa hiyo anakubali. Kisha unakuja upimaji, mizani ya mkono, gunia baada ya gunia, punje zikimwagika kila mara na hakuna anayemfidia. Malipo nayo huja vipande vipande.

Juni mwaka 2000, kampuni ya ITC, iliyotajirika kwa sigara, ilianza kuweka kompyuta vijijini huko kwa mradi ulioitwa e-Choupal. Kompyuta haikuwekwa ofisini. Iliwekwa nyumbani kwa mkulima mmoja anayeaminika, naye akala kiapo hadharani mbele ya wanakijiji kwamba atawahudumia wote bila kubagua. Kila siku aliwasomea bei ambayo kampuni ingelipa. Anayeridhika anapeleka soya kwenye ghala la kampuni, inapimwa kwa mizani ya umeme, analipwa fedha zake zote. Asiyeridhika, soko la mnada bado lipo. Mwenye kompyuta alipata kamisheni kwa kila tani.

Kulikuwa na vizingiti. Laini za simu zilikuwa mbovu, ikabidi yafungwe madishi ya setilaiti. Umeme ulikatika saa yoyote, zikaongezwa betri na sola. Kwa hesabu za wakati huo kibanda kimoja kiligharimu kati ya dola 3,000 na 6,000 kukianzisha, ingawa kukiendesha kwa mwaka ilitosha kama dola 100. Madalali je? Wengi wangedhani walifukuzwa. Kampuni iliwaajiri baadhi yao kusaidia kuchagua wenye kompyuta na kusimamia maghala, maana ndio waliowajua wakulima kwa majina. Ujanja huo nauheshimu.

Mwaka 2010, mchumi Aparajita Goyal alichapisha hesabu zake: pale vibanda vilipofika, bei ya soya sokoni ilipanda kwa wastani wa asilimia 1 hadi 3. Inaonekana kidogo, ila iangalie vizuri. Hiyo ni bei ya sokoni, kwa madalali. Hata mkulima ambaye hakuwahi kukanyaga kibandani alinufaika, kwa kuwa dalali alishajua kwamba aliye mbele yake ana pengine pa kwenda. Kampuni yenyewe inasema mradi ulikua hadi kupita vibanda 6,000, ukiwafikia wakulima wapatao milioni 4.

*

Je, wajua kuwa barua pepe iliwahi kupanda basi? Kwetu hili halihitaji maelezo marefu, maana nani hajawahi kumkabidhi kondakta kifurushi? Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti waliotoka MIT ya Marekani walibuni mtandao walioupa jina la DakNet, wakaujaribu katika vijiji vya Doddaballapur, jimbo la Karnataka. Mwanakijiji anaandika ujumbe kwenye kibanda, anabonyeza kutuma, na ujumbe unabaki pale pale kwenye kompyuta ukingoja usafiri. Basi linapokaribia, kisanduku chenye antena kilichofungwa ndani yake kinaongea na kibanda kwa waifai. Kwa muda wa dakika 2 na nusu hivi, megabaiti kama 20 zinapanda au kushuka. Basi likifika mjini linaumwaga mzigo wote kwenye intaneti, na majibu yanarudi na safari inayofuata.

Kilichopitishwa kwa njia hiyo ni pamoja na maombi ya hati za mashamba. Karnataka ilikuwa imeingiza kwenye kompyuta kumbukumbu za ardhi zipatazo milioni 20, lakini kuipata nakala yako kulikutaka ufunge safari hadi mjini. Basi likasafiri kwa niaba yako. Kasi ya mtandao huo ilitegemea dereva.

Kambodia mambo yalikwenda mbali zaidi. Katika mkoa wa Ratanakiri, ambako barabara nyingi hazipitiki kwa basi, mwaka 2003 pikipiki 5 za Honda zilifungwa visanduku hivyo. Kila siku ziliondoka mji wa Banlung, penye dishi la setilaiti, zikizunguka shule za vijijini zenye sola. Dereva hakulazimika hata kushuka. Picha na maelezo ya wagonjwa nayo yalisafiri kwa mtandao kutoka mkoa huo mpaka Boston, Marekani, madaktari wa huko wakajibu.

*

Kijiji cha Phon Kham nchini Laos kilitaka vitu viwili tu: kuzungumza na ndugu walio ng'ambo, na kujua bei ya mchele mjini Vientiane. Umeme hakuna, simu hakuna, na masika huko ni ya kweli. Shirika la Jhai likamwomba Lee Felsenstein, aliyebuni kompyuta ya Osborne 1 mwaka 1981, awatengenezee mashine. Alichokitengeneza hakikuwa na feni wala diski inayozunguka, kwa kuwa kila kinachozunguka huvuta vumbi na unyevu, kisha hufa. Mashine hiyo ilikula wati 12 tu, chini ya taa nyingi za wakati huo. Umeme ulitoka kwenye baiskeli: mtu anapiga pedali, betri inajaa. Uzinduzi wa mwaka 2003 ulihudhuriwa na waandishi wa habari, na mawasiliano yakakataa kukamilika siku hiyo hiyo. Magazeti yalikuwa yameshaipamba kabla haijawaka.

*

Hiki ndicho kisa ninachokiweka juu ya vyote. Katika vijiji vya Pondicherry, pwani ya kusini mashariki ya India, taasisi ya M.S. Swaminathan, mwanasayansi wa kilimo, ilianza mwaka 1998 kufungua vituo vya maarifa. Kijiji ndicho kilichotoa chumba na watu wa kujitolea. Taasisi ilileta vifaa. Kwa wavuvi wa Veerampattinam, huduma iliyopendwa ni utabiri wa urefu wa mawimbi kwa saa 24. Iliyotoa utabiri huo ni tovuti ya jeshi la majini la Marekani. Mtu wa kituoni aliusoma kwenye skrini, akautangaza kwa Kitamil kupitia vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo. Mvuvi hakuhitaji kuigusa kompyuta. Aliusikia utabiri akiwa anashona nyavu.

Kijiji jirani cha Nallavadu kilikuwa na vipaza sauti kama hivyo. Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 2004, kijana wa kijiji hicho aliyekuwa akifanya kazi Singapore, ambaye zamani alijitolea kwenye kituo hicho, aliona kwenye televisheni habari za bahari kuchafuka. Akapiga simu nyumbani. Waliopokea wakakimbilia kituoni, mlango umefungwa, wakauvunja, wakatangaza kwa vipaza sauti: kila mtu aondoke ufukweni sasa hivi. Tsunami ilipofika ilibomoa nyumba zipatazo 150 na kuharibu mashua karibu 200. Kati ya wakazi wapatao 3,600 hakufa hata mmoja.

Kompyuta siku hiyo haikufanya lolote. Kilichofanya kazi ni simu, kipaza sauti, na watu waliokuwa na mazoea ya kutii sauti inayotoka kituoni.

*

Watoto watano, kompyuta moja, kipanya kimoja. Nani atakishika? Yule mwenye mabavu, kila mara. Watafiti wa Microsoft walioko Bangalore walilitazama hilo katika shule za India, wakaja na dawa ya bei ya soda chache: kila mtoto apewe kipanya chake, vyote vichomekwe kwenye mashine ile ile, na kila kimoja kiwe na kishale cha rangi yake. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2007 yalionyesha watoto hao wakijifunza maneno mapya sawa na mtoto aliyeachiwa kompyuta nzima peke yake. Jambo moja liliwasumbua. Wavulana waligeuza somo kuwa mashindano ya kubofya, jibu liwe sahihi au lisiwe. Programu ikabadilishwa ili jibu lisipite mpaka wote wakubaliane.

*

Je, wajua huduma iliyoingizia vibanda fedha? Waliovibuni waliota ndoto za elimu na serikali ya mtandao. Wateja walitaka picha ya pasipoti, kuchapiwa barua, kusomewa nyota na kucheza michezo. Kampuni ya n-Logue, iliyotokana na kazi za Profesa Ashok Jhunjhunwala wa IIT Madras, iliuza kibanda kizima, kompyuta, printa, kamera na mawasiliano yasiyotumia waya, kwa rupia kama 50,000, sawa na dola 1,000 hivi. Mmiliki alikopa, kwa hiyo alijua thamani ya kila picha anayopiga. Karibu na Melur, huko Tamil Nadu, kamera hiyo hiyo ilipiga picha za macho ya wagonjwa na kuzituma hospitali ya macho ya Aravind mjini Madurai. Hata hivyo, vibanda vingi vya Melur vilifungwa baada ya miaka michache tu.

Kule Dhar, Madhya Pradesh, mradi wa serikali wa Gyandoot ulipoanza Januari 2000, mtu angeweza kulipa rupia 10 akatuma malalamiko moja kwa moja kwa wakuu wa wilaya: bomba la kisima limekufa, mwalimu haonekani. Mwaka huo huo mradi ulishinda tuzo ya Stockholm. Ungejiuliza kwa nini raia alipie kulalamika, lakini nauli ya kwenda wilayani ilikuwa kubwa kuliko rupia 10, na huko ofisini huna hakika ya kumkuta mtu.

*

Warana, Maharashtra, ni nchi ya miwa. Mwaka 1998 vijiji 70 viliunganishwa, vikawekwa vibanda 54 ili mkulima ajue uzito wa miwa yake na mgawo wake wa mbolea. Miaka ilipopita, watafiti wa Microsoft waligundua kwamba wakulima hawakutumia karibu chochote kingine kwenye mashine zile. Wakajaribu vijiji 7: kompyuta iondolewe, mkulima atume meseji ya simu, ajibiwe papo hapo. Ikawa rahisi zaidi, ikawa nafuu zaidi. Hapo ndipo simu ya mkononi ilipoanza kukimeza kibanda, na haikuwa India peke yake. Kenya ilikuja na vituo vya Pasha vijijini, wamiliki wakakopeshwa fedha za kuvianzisha, wakati simu zilikuwa tayari zimejaa mifukoni.

Kibanda hakikufa lakini. Mwaka 2006 serikali ya India iliidhinisha mpango wa vituo 100,000 vya huduma vijijini, na leo vimekwisha kupita idadi hiyo mara kadhaa. Kwetu Kenya nenda saiba yoyote mwishoni mwa Juni, utakuta foleni ya watu wenye simu nzuri mkononi wakisubiri kujaziwa ritani za kodi kabla ya tarehe 30. Tanzania ni hivyo hivyo kwenye maduka ya kuchapa na kutoa kopi wakati wa maombi ya mikopo ya wanafunzi. Watu wana mashine. Wanachokifuata ni yule kijana anayejua ubonyeze wapi, na asiyekucheka ukikosea.

Ila kijana huyo huishia kujua mambo yako mengi: namba ya kitambulisho, mshahara, matokeo ya mwanao, hata jibu la lile swali la siri kuhusu jina la mama yako. Kwa hiyo ukienda kujaziwa fomu, mwombe akusogezee kibodi, nenosiri uliandike mwenyewe. Nakala za vyeti vyako zifutwe kwenye mashine ukiwa unaona. Na kabla hujainuka kitini, hakikisha umetoka kwenye akaunti yako.